Saa ya kompyuta: kwa nini seva moja ya muda haitoshi?

Chukulia hoteli ndogo iliyoko Kajaga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kando ya barabara itokayo Bujumbura kwenda Gatumba na mpaka wa Kongo. Hoteli hiyo ina kamera mbili za usalama, moja ofisini na nyingine langoni. Usiku mmoja kompyuta ya mkononi inaibiwa. Kamera ya ofisini inamwonyesha mtu aliyefunika uso akitoka na mkoba saa mbili na dakika kumi usiku. Kamera ya langoni inaonyesha kwamba mlinzi aliondoka mahali pake saa mbili na dakika tano, akarudi saa mbili na dakika ishirini.

Kwa mwenye hoteli, kesi imekwisha. Mlinzi aliacha lango wazi wakati uleule mwizi alipokuwa akitoka. Ama alizembea, ama walikuwa na njama.

Lakini kamera ya langoni ilinunuliwa ikiwa tayari imewekwa kwenye saa za Nairobi, na hakuna aliyeigusa tangu ilipofungwa. Saa za Nairobi zipo mbele ya za Bujumbura kwa saa moja kamili. Mlinzi, kwa hakika, aliondoka saa moja na dakika tano kwenda kula, kwa ruhusa. Mwizi alipokuwa akitoka, yeye alikuwa langoni zamani, na huenda mwizi huyo hakupita langoni kabisa.

Mfano huu ni wa kubuni, ila kosa lililomo ndani yake ni la kila siku. Kamera, kompyuta za benki, simu za kutuma pesa, rejista za zahanati na mitambo ya shule vyote huandika saa kwenye kila jambo linalotendeka, na watu huamini maandishi hayo kuliko kumbukumbu ya binadamu. Saa ikikosea, mashine hutoa ushahidi wa uongo bila kujua. Basi kompyuta hupata wapi saa, na mtu anawezaje kuchagua chanzo cha kuaminika?

Saa hupotea vipi?

Ndani ya kila kompyuta kuna fuwele ndogo ya madini ya kwatzi inayotetemeka kwa mwendo unaokaribia kuwa sawa daima. Kompyuta huhesabu mitetemo hiyo na kuigeuza kuwa sekunde. Tatizo ni neno "unaokaribia". Joto, umri na ubora wa fuwele hubadili mwendo wake. Kosa la sehemu 20 tu katika milioni, ambalo ni la kawaida kwa vifaa vya bei nafuu, huleta tofauti ya karibu sekunde 1.7 kwa siku, yaani takriban sekunde 50 kwa mwezi.

Umeme unapokatika, saa huendelea kuhesabu kwa msaada wa betri ndogo ya mviringo iliyobandikwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Betri hiyo ikiisha, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka iliotengenezwa, au mwaka mwingine wa zamani. Hapo matatizo huanza kuonekana. Tovuti za benki na za barua pepe hukataa kufunguka, kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na kompyuta inadhani tarehe ya kuanza bado haijafika. Namba za siri za mara moja zinazotolewa na programu za simu, ambazo kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30, nazo hukataliwa.

Katika maeneo ambayo umeme huzimika mara kwa mara, au ambayo maji ya ziwa yameingia majumbani, kama ilivyotokea Kajaga na Gatumba mwaka 2021 na tena mwaka 2024, vifaa huzimwa, huhamishwa na kuwashwa upya mara nyingi. Kila safari ya namna hiyo ni nafasi kwa saa kupotea.

Ziwa moja, saa mbili

Kabla ya kuzungumzia seva, kuna jambo la awali linalowatatiza watumiaji wengi wa Afrika Mashariki, nalo ni ukanda wa saa. Burundi, Rwanda na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinafuata saa za Afrika ya Kati, yaani saa mbili mbele ya saa ya dunia ijulikanayo kama UTC. Tanzania, Kenya na Uganda zinafuata saa za Afrika Mashariki, saa tatu mbele. Ndiyo maana Kigoma na Bujumbura, miji miwili ya ziwa moja, hupishana kwa saa nzima.

Waswahili wanaongeza hesabu yao wenyewe. Anayesema saa mbili asubuhi anahesabu tangu jua kuchomoza, ilhali kompyuta yake inaandika 08:00, na mwenzake anayezungumza Kifaransa anasema saa nane. Kila mtu yuko sahihi kwa lugha yake. Kompyuta hata hivyo haijui lugha hizo. Ndani yake hutunza saa ya UTC peke yake, kisha hujumlisha au kutoa kulingana na ukanda ulioteuliwa na mtumiaji.

Kosa la kawaida ni kuacha ukanda wa Nairobi au wa Dubai mahali kifaa kiliponunuliwa, kisha kurudisha mshale nyuma kwa mkono mpaka saa ionekane sawa. Kwa macho, imekuwa sawa. Kwa ndani, kompyuta sasa inaamini kwamba UTC yenyewe iko nyuma. Mara itakapounganishwa na seva ya muda, seva itairekebisha, na saa ya ukutani itaruka tena mbele. Mwenye kompyuta atailaumu seva, ambayo haina kosa.

Dawa ni kuchagua ukanda ulio sahihi. Katika mifumo ya Linux na mingine inayofanana nayo, jina lake ni Africa/Bujumbura. Katika Windows, huchaguliwa ule wa Harare na Pretoria. Anayechagua Cairo kwa kuwa nayo iko saa mbili mbele ya UTC atashangaa baadaye, kwa sababu Misri ilirejesha mwaka 2023 utaratibu wa kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi, jambo ambalo Burundi haifanyi.

Saa sahihi inatoka wapi?

Tangu mwaka 1967, sekunde moja imefafanuliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu za elementi iitwayo sesi. Saa za atomu zilizo katika maabara za mataifa mbalimbali hulinganishwa na Ofisi ya Kimataifa ya Vipimo na Mizani, BIPM, iliyoko Sèvres karibu na Paris, na wastani wake ndio unaozaa UTC. Barani Afrika, miongoni mwa taasisi zenye maabara za muda ni taasisi ya taifa ya vipimo ya Afrika Kusini, NMISA, mjini Pretoria, na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, mjini Nairobi.

Saa hiyo huzifikia kompyuta za kawaida kwa kupitia itifaki iitwayo NTP. Aliyeibuni ni David Mills, mwanasayansi wa Marekani aliyefundisha Chuo Kikuu cha Delaware. Toleo la kwanza lilichapishwa mwaka 1985, na linalotumika leo, la nne, lilisanifiwa mwaka 2010. Mills alifariki dunia Januari 2024, baada ya kazi yake kuenea karibu katika kila kompyuta duniani.

NTP imepangwa kwa madaraja. Daraja sifuri ni saa zenyewe, kama vile saa za atomu na setilaiti za GPS. Daraja la kwanza ni seva zilizounganishwa moja kwa moja na saa hizo. Daraja la pili huuliza la kwanza, la tatu huuliza la pili, na kuendelea hadi la 15. Seva inayojitangaza kuwa daraja la 16 inakiri kwamba haina saa ya kutegemewa.

Wengi hudhani kwamba lazima kutafuta seva ya daraja la kwanza. Sivyo. Seva ya daraja la pili iliyo karibu na yenye njia tulivu huweza kutoa saa bora kuliko ya daraja la kwanza iliyo upande wa pili wa dunia. Sababu iko katika namna saa inavyosafiri.

Swali na jibu njiani

Kompyuta haiwezi tu kuuliza "saa ngapi?" na kuchukua jibu, kwani jibu hufika likiwa limechelewa. NTP hutatua hilo kwa kuandika nyakati nne: swali lilipotoka, lilipofika kwa seva, jibu lilipotoka kwa seva, na lilipofika kwa kompyuta.

Tuseme kompyuta ya Kajaga inatuma swali saa yake ikisoma saa nne kamili asubuhi. Seva inalipokea saa yake ikisoma saa nne na sekunde 5.100, inajibu kwenye sekunde 5.101, na jibu linafika wakati kompyuta inasoma saa nne na sekunde 0.201. Ukitoa muda mfupi ambao seva ilitumia kuandaa jibu, safari nzima ya kwenda na kurudi ilichukua sekunde 0.200. NTP huigawa nusu kwa nusu: sekunde 0.100 kwenda, sekunde 0.100 kurudi. Kutoka hapo inagundua kwamba kompyuta iko nyuma kwa sekunde 5 kamili.

Hesabu hiyo inasimama juu ya dhana moja tu, kwamba njia ya kwenda ni sawa na ya kurudi. Kama swali lilitumia sekunde 0.150 na jibu 0.050, kompyuta itakosea kwa sekunde 0.050 bila kujua. Kosa la aina hii haliwezi kuzidi nusu ya safari nzima. Kwa hiyo safari ikiwa fupi, kosa nalo huwa dogo.

Mwanga ndani ya nyaya za intaneti husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000 hadi Ulaya na nyingine kama hiyo ya kurudi zinahitaji angalau milisekunde 100, hata kabla ya foleni za njiani. Burundi haina bahari, na sehemu kubwa ya mawasiliano yake na dunia hutegemea nyaya zinazopita kwa majirani kuelekea pwani ya Dar es Salaam na Mombasa. Seva iliyoko Bujumbura, Kigali, Dar es Salaam au Nairobi kwa kawaida hupunguza safari hiyo sana.

Seva ngapi zinatosha?

Mwenye saa moja haoni shaka, hata saa yake ikiwa mbovu. Mwenye saa mbili zinazopingana anajua kwamba moja inadanganya, ila hajui ni ipi. Kuanzia tatu ndipo wingi unapoweza kuamua.

Anayeishi Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura wenye misikiti kadhaa, anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Mwezi wa Ramadhani, misikiti mitatu ikiadhini magharibi kwa wakati mmoja, na mmoja ukawa umetangulia kwa robo saa, mfungaji hatawafuata hao waliotangulia. Atafuturu na wale watatu. NTP hufanya vivyo hivyo. Hupanga majibu ya seva zote, hutazama yale yanayokubaliana, na kuiweka kando seva iliyo peke yake.

Mwongozo wa kiufundi uliotolewa mwaka 2019 na jopo la wahandisi wa intaneti, IETF, unapendekeza seva zisizopungua nne. Ukiwa nazo tatu na moja ikazimika, zimebaki mbili, na ile shaka ya mwanzo imerudi. Zikiwa nne, moja inaweza kuzimika na bado tatu zikapiga kura.

Hata hivyo, wingi peke yake hautoshi. Tarehe 19 Novemba 2012, seva mbili mashuhuri za kituo cha uangalizi wa anga cha jeshi la wanamaji la Marekani zilianza kutangaza kwamba mwaka ni 2000. Hitilafu hiyo haikumaliza hata saa moja, lakini mashirika yaliyozitegemea seva hizo peke yake yalishuhudia kompyuta zake zikirudi nyuma miaka 12 na watumishi wakishindwa kuingia kwenye mifumo. Waliokuwa na vyanzo vingine hawakuathirika, maana programu zao ziliwatupa mashahidi hao wawili. Seva mbili za mwenye mmoja, zinazotegemea chanzo kimoja, ni sawa na shahidi mmoja aliyesema mara mbili.

Zipi za kuchagua?

Chaguo la kwanza ni mtoa huduma wa intaneti mwenyewe. Baadhi yao wana seva ya muda kwa wateja wao, na hiyo ndiyo huwa karibu zaidi. Inafaa kuuliza.

Chaguo la pili ni mradi wa hiari ujulikanao kama NTP Pool, ulioanzishwa mwaka 2003, ambao hukusanya maelfu ya seva zilizotolewa na watu binafsi, vyuo na kampuni. Mtumiaji haandiki jina la seva fulani, bali jina la kundi. Kila nchi ina jina lake, na la Burundi ni bi.pool.ntp.org. Lakini seva za Afrika ni chache mno zikilinganishwa na za Ulaya, na kundi la nchi ndogo linaweza kubaki na seva chache sana au kukosa kabisa. Hivyo ni salama zaidi kutumia kundi la bara zima, kwa majina manne kuanzia 0.africa.pool.ntp.org hadi 3.africa.pool.ntp.org. Seva za mradi huu hukaguliwa mara kwa mara, na inayokosea huondolewa kwenye orodha.

Chaguo la tatu ni seva za kampuni kubwa, kama time.cloudflare.com na time.google.com. Hizi zina vituo katika miji mingi duniani na ni nadra kuzimika. Ipo tahadhari moja. Mara chache UTC huongezewa sekunde moja ili ifuatane na mzunguko wa dunia. Jambo hilo limefanyika mara 27 tangu mwaka 1972, na la mwisho lilikuwa mwishoni mwa mwaka 2016, ambapo Bujumbura ilikuwa saa nane usiku wa Januari mosi 2017. Seva nyingi huiongeza sekunde hiyo kwa mkupuo. Google huisambaza kidogo kidogo kwa muda wa saa 24. Anayechanganya aina hizo mbili, siku hiyo atakuwa na mashahidi wanaopingana huku kila mmoja akidai ukweli. Nchi wanachama wa mkutano mkuu wa vipimo ziliamua mwaka 2022 kubadili utaratibu huu ifikapo 2035, lakini hadi hapo ushauri ni kuchagua aina moja.

Suala la nne ni usalama. NTP ya kawaida haithibitishi kwamba jibu limetoka kwa seva halisi, na mtu mwovu aliye katikati ya njia anaweza kulibadilisha. Njia mpya iitwayo NTS, iliyosanifiwa mwaka 2020, huweka muhuri wa siri kwenye majibu. Cloudflare ni miongoni mwa wanaoitoa bila malipo. Lakini NTS hutegemea vyeti vyenye tarehe, hivyo kompyuta ambayo betri yake imekufa yafaa iwekewe kwanza tarehe ya leo kwa mkono. Zipo pia programu za NTP ambazo kwa kawaida hukataa kurekebisha tofauti inayozidi sekunde 1,000, zikihofu kwamba kuna jambo lisilo la kawaida.

Intaneti ikikatika

Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Siku kama hizo seva za mbali hazifikiki vizuri. Programu nzuri ya muda, kama chrony, hukumbuka ni kwa kiasi gani saa ya kompyuta huwahi au huchelewa, na huendelea kuisahihisha hata bila mtandao. Ofisi zenye uwezo, kama hospitali au benki, zinaweza kufunga kipokezi cha GPS juu ya paa na kuwa na chanzo chao cha daraja la kwanza, huku seva za mtandaoni zikibaki kama mashahidi wa kulinganisha.

Kuhakiki ni rahisi. Katika chrony, amri ya chronyc sources huonyesha orodha ya seva. Yenye alama ya nyota ndiyo inayofuatwa, zenye alama ya kujumlisha zinakubaliana nayo, na yenye alama ya x imeonekana inadanganya. Safu iitwayo Reach ikionyesha 377, maana yake majaribio manane ya mwisho yote yalijibiwa. Namba ikiwa ndogo kwa muda mrefu, seva hiyo haifai kutegemewa.

Kwa hoteli ile ya Kajaga, kazi yote isingezidi nusu siku. Kompyuta moja ya ofisini ingeuliza seva nne zenye wenyewe tofauti, na kamera zote mbili zingeuliza kompyuta hiyo, ili hata intaneti ikikatika zisome saa moja. Ukanda wa saa ungewekwa Bujumbura kwenye kila kifaa. Na mara moja kwa mwezi mtu angesimama mbele ya kila kamera akiwa ameshika simu inayoonyesha saa, kisha angetazama picha iliyorekodiwa kama saa hizo mbili zinalingana.

Kama hilo halikufanyika kabla ya wizi, bado lingeweza kufanyika asubuhi yake, kabla mlinzi hajaitwa ofisini. Tofauti ya saa moja kamili kati ya simu na kamera ya langoni ingeonekana papo hapo.